Hema moja, gari moja: Kaskazini au Kusini?

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita, simu zinazonijia huwa na swali lile lile. "Kaka, hema tumenunua, gari ipo, tuna siku nane au tisa. Twende Serengeti au Ruaha?" Wengi wanaouliza wanakaa Dar, wana gari lililonyanyuka kidogo, na wana familia au marafiki wa kuchangia mafuta. Njia zote mbili, ya Kaskazini (Tarangire, Ngorongoro, Serengeti) na ya Kusini (Mikumi, Udzungwa, Ruaha), nimezipita kwa hema, zaidi ya mara moja kila upande, na nimejifunza kutojibu kabla ya kuwauliza wao mambo matatu: gari ni gani, mnaondoka mwezi gani, na je, mmoja wenu hukasirika akiharakishwa?

Swali la tatu hawalitegemei, ila ndilo linaloamua. Kaskazini, safari yako inaendeshwa na saa ya mkononi. Kusini inaendeshwa na barabara. Mengine yote yanatokana na hapo.

Umbali, kwanza kabisa

Ukitoka Dar kwenda Arusha kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same ni kama kilomita 640, na Arusha hujafika popote bado. Tarangire iko kilomita 118 mbele. Seronera, katikati ya Serengeti, iko kama kilomita 335 kutoka Arusha, kwa kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza yote inaishia Same au Moshi, mgongo unauma, na mnyama pekee uliyemwona ni mbuzi wa Hedaru.

Kusini, kilomita 283 tu kutoka Dar uko Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikata hifadhi hiyo katikati kwa kama kilomita 50, kwa hiyo hata kabla hujalipia chochote unaweza kukuta tembo amesimama pembeni ya lami, malori ya Zambia yakimpisha. Endesha taratibu pale. Kuna matuta, kuna tochi za trafiki, na faini ya kumgonga mnyama inapangwa kwa aina ya mnyama. Iringa iko kama kilomita 500 kutoka Dar, na kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya Ruaha, ni kilomita 130 nyingine.

Piga hesabu ya kwenda na kurudi: Seronera inakaribia kilomita 1,950, Ruaha ni kama 1,260. Kwa gari linalokwenda kilomita saba na nusu kwa lita, tofauti ni zaidi ya lita 90, na hapo hujazunguka hifadhini hata mara moja. Bei ya mafuta ya wiki hii unaijua mwenyewe.

Anayeishi Arusha, Moshi au Babati hesabu hii aigeuze kichwa chini, na pengine aishie hapa kusoma: nenda Kaskazini, Tarangire ni ya wikiendi kwako. Anayeishi Mwanza au Musoma ana bahati ambayo wengi hawaijui. Geti la Ndabaka la Serengeti liko kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, kwa hiyo anaingia Serengeti kwa upande wa magharibi bila kugusa Ngorongoro. Kwa nini hilo ni jambo kubwa, endelea.

Saa 24

Kibali cha kuingia hifadhini ni cha saa 24. Ukiingia saa tatu asubuhi, kesho saa tatu uwe umetoka au umelipia siku nyingine. Mageti yanafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Hiyo ni kanuni ya kote, Kaskazini na Kusini. Tofauti ni idadi ya mageti unayopita.

Ngorongoro haiko chini ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za Taifa. Ina mamlaka yake, ada zake na kaunta zake. Ukitoka Karatu kwenda Serengeti kwa barabara ya kawaida, unaingia geti la Lodoare na kulipia Ngorongoro hata kama huna nia ya kusimama, kisha geti la Naabi unalipia Serengeti. Ukirudi kwa njia hiyo hiyo, Ngorongoro unalipia tena. Ukitaka kushuka kreta, gari linalipiwa ada yake ya kushukia, na ukilala ukingoni kuna ada ya kambi. Kwa Mtanzania mwenye kitambulisho cha Taifa, kila kimoja kati ya hivyo ni shilingi zinazobebeka, lakini vikijumlishwa kwa watu watano na gari lao, kisha ukaongeza VAT, unaanza kuelewa kwa nini madereva wa utalii wa Arusha hutazama saa kuliko wanavyotazama simba.

Safari yetu ya pili kule tulijua yote hayo na bado tukaumia. Asubuhi ya kutoka Seronera mtu aling'ang'ania tule chapati za moto. Zikakandwa, zikapikwa moja moja juu ya mtungi mdogo wa gesi, na zilikuwa tamu kweli. Kisha njiani pancha. Tulifika getini dakika ishirini baada ya muda wetu kwisha, watu watano. Hatukuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo familia yetu huziita "chapati za siku mbili".

Kusini, Ruaha ni hifadhi moja yenye karibu kilomita za mraba 20,000. Unaingia mara moja, unalipia siku zako tatu, na unasahau saa hadi siku ya kutoka. Udzungwa na Mikumi zinakuja zenyewe njiani, kila moja kwa siku yake, na kati yake kuna kijiji au mji wa kulala nje kama bajeti imebana. Na kama mna ndugu wa kutoka Marekani au Uingereza mwenye pasipoti ya kule, yeye analipa kwa dola, na kiingilio chake Serengeti kinazidi mara mbili kile cha Ruaha. Nimeona safari ya ukoo ikihamishwa kutoka Kaskazini kwenda Kusini kwa sababu ya shemeji mmoja tu.

Pande zote mbili fedha taslimu getini usizitegemee. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki, kadi au simu, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla ya kuingia maeneo ambayo mtandao unasuasua. Viwango hubadilika, vitazame kwenye tovuti za TANAPA na Ngorongoro wiki ya kuondoka. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Unapolala

Kambi za umma zinafanana: uwanja wa wazi, vyoo, mabafu, banda la kupikia na banda la kulia. Uzio hakuna. Hilo mwambie kila mtu kwenye gari mapema, hasa yule anayependa kutoka usiku kwenda msalani bila tochi. Kuna pia kambi maalumu, zinazowekewa nafasi mapema, ambako mko peke yenu, na peke yenu maana yake hakuna choo wala bomba. Kwa safari ya kwanza chagua ya umma.

Seronera kuna kambi kadhaa za umma zilizo karibu karibu, na msimu wa Julai na Agosti zinajaa. Utapika bega kwa bega na wapishi wa kampuni za utalii wanaotoa supu, kuku na keki kwa majiko mawili, nawe una sufuria la wali. Usione haya. Wapishi wale ni watu wakarimu, na kitunguu ulichosahau utakipata kwao.

Simba, kambi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, inastahili aya yake. Iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar anafika na kikoi na shuka jepesi kwa sababu "tunakwenda porini", na saa mbili usiku anavaa nguo zote alizokuja nazo. Julai ni baridi ya kutoa moshi mdomoni, na asubuhi hema limelowa ukungu kama limechovywa. Beba mfuko wa kulalia mzito, blanketi, soksi mbili mbili, na kitu cha kutandika chini, kwa maana baridi ya ardhini ndiyo inayoua usingizi. Tulipolala pale mara ya mwisho, tembo dume alikuja kwenye tanki la maji karibu na mabafu, akanywa kwa utulivu, akaondoka. Watu zaidi ya hamsini walikuwa kimya kabisa, na sidhani kama kuna mahali pengine ningepata kuona Watanzania hamsini wakikaa kimya kwa robo saa.

Ruaha, kambi ya Msembe iko karibu na mto. Joto ni la haki mchana, usiku unapoa vizuri, na katikati ya wiki unaweza kujikuta na jirani mmoja tu au hata huna. Utamsikia simba kabla ya kumwona, na kiboko usiku. Wanaotaka kupunguza gharama hulala Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kabla ya geti, ambako kuna kambi za watu binafsi, wakaingia hifadhini alfajiri. Mimi nawashauri walau usiku mmoja walale ndani. Safari ya hema kwenda Ruaha bila kulala Ruaha ni sawa na kwenda Forodhani ukale chipsi.

Udzungwa kambi iko Mang'ula, chini ya msitu, na kelele za usiku ni za vyura na wadudu. Mvua inaweza kunyesha hata kiangazi, kwa hiyo turubai la juu la hema lisibaki nyumbani.

Na pande zote mbili: matunda yasilale ndani ya hema. Nyani na tumbili wanajua zipu. Tarangire, kwenye eneo la kulia chakula, tumbili alimpokonya mwanangu sambusa mkononi, akapanda mti, akaila huku anatutazama.

Mtaona nini

Hapa sitajifanya mizani iko sawa. Kwa wingi wa wanyama ndani ya muda mfupi, Kaskazini inashinda. Tarangire kati ya Julai na Oktoba, mto wake ukiwa ndio maji pekee ya uhakika, hukusanya makundi ya tembo chini ya mibuyu ambayo picha haiwezi kuyaeleza. Seronera ina chui kwenye miti ya kandokando ya mito, na simba ambao magari hayawasumbui tena. Kreta ya Ngorongoro, bakuli lenye kina cha kama mita 600, ina faru weusi, na mwanao akiuliza twiga wako wapi, mwambie ukweli: chini mle hawakai. Na kama ni Januari hadi Machi, nyumbu wanazaa nyanda za kusini mwa Serengeti na eneo la Ndutu. Hicho Kusini haina cha kukilinganisha nacho.

Ila ukimwona chui Seronera, mtakuwa magari kumi na tano mnamwona. Ruaha utatafuta mwenyewe, labda saa mbili bila kitu zaidi ya swala na ndege, kisha kwenye kona ya mto mnakutana na simba juu ya nyati, na gari ni lenu tu. Kuna tandala wakubwa na wadogo, kuna palahala, na wenye bahati huona mbwa mwitu. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 hukauka sehemu zake kila kiangazi kwa sababu ya maji kutumika juu, hubaki na madimbwi, na wanyama wanajipanga kwenye madimbwi hayo. Septemba na Oktoba ndiyo kilele chake. Mbung'o wapo, wa Ruaha na wa Tarangire vilevile; nguo za bluu na nyeusi zinawaita.

Kusini ina pia kitu ambacho Kaskazini kwa hema na gari hukipati kirahisi: kutembea. Udzungwa haina barabara za gari ndani. Unavaa viatu, unachukua mwongozaji, unapanda hadi maporomoko ya Sanje yenye jumla ya mita 170, unaoga kwenye bwawa lake, na juu ya miti kuna mbega wekundu wasiopatikana kokote duniani isipokuwa milima hiyo. Baada ya siku tatu za kukaa kwenye gari, watoto watakushukuru kuliko kwa simba wa kumi.

Mkiwa Iringa, saa mbili za Isimila, penye zana za mawe za kale, na za Kalenga, lilikohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, hazipotei bure. Kaskazini, Oldupai iko njiani kati ya kreta na Serengeti, lakini saa yako ya kibali inaendelea kuhesabu ukiwa makumbusho. Wengi hupita tu.

Gari

Kaskazini lami inaishia geti la Lodoare. Kutoka hapo hadi Seronera ni barabara ya mikunjo kama bati, na mikunjo ile hulegeza kila kilicholegea: namba ya gari, kifuniko cha taa, meno. Kushuka kreta ni lazima gari liwe la fowili, njia ya Seneto inashuka tu na ya Lerai inapanda tu, na miteremko ile siyo mahali pa kujua kama breki zako ni nzima. Kagua tairi la akiba, ikiwezekana beba mawili, na pampu ndogo ya upepo.

Kusini lami ni nzuri hadi Iringa, lakini ina hatari yake: malori. Mlima Kitonga, kona zake na semitrela zinazopanda kwa mwendo wa kobe, unataka dereva mwenye subira. Usiovateki. Kutoka Iringa kwenda Ruaha vumbi ndilo bwana, na mbele barabara inagawanyika, mkono mmoja unapita Tungamalenga na mwingine unakwenda moja kwa moja. Yote yanafika getini. Mafuta jaza Iringa, tangi na dumu.

Wenye gari dogo la chini msikate tamaa. Kiangazi, Mikumi na Mang'ula zinafikika, na sehemu ya barabara za Mikumi zinapitika taratibu. Serengeti kwa gari dogo sitamshauri mtu, hata kama binamu yake aliwahi.

Chakula, kwa ufupi

Kaskazini sokoni kwa mwisho ni Karatu, na Mto wa Mbu kuna ndizi nyekundu. Kusini, Ruaha Mbuyuni na Ilula utanunua vitunguu na nyanya dirishani, na Iringa kuna kila kitu. Kuni za hifadhini haziokotwi. Mtungi wa kilo sita wenye jiko la kupachika juu unawatosha watu watano kwa safari nzima. Maji ya kunywa, beba yote.

Mwezi gani

Kaskazini ina mvua mbili, vuli ya Novemba na Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na katikati kuna kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Kusini mvua ni moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Juni hadi Oktoba pande zote ni kukavu na uchaguzi ni wako. Januari na Februari uchaguzi haupo: Ruaha imefunikwa na majani marefu na barabara za ndani zinanasa, huku Ndutu ndama wa nyumbu wanasimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Kama miezi hiyo lazima uende Kusini, vuka Iringa uende Kitulo, ile inayoitwa Bustani ya Mungu, maua yakiwa yamechanua, na hapo koti la Ngorongoro litafaa tena.

Sasa chagua

Siku tano au sita kutoka Dar: Kusini, bila mjadala. Mikumi usiku mmoja, Ruaha mitatu, kulala Iringa au Morogoro wakati wa kurudi. Ukiwa na siku nane au tisa, ongeza Mang'ula.

Siku nane kutoka Dar kwenda Kaskazini inawezekana, lakini mbili za kwenda na mbili za kurudi zinaliwa na barabara. Zinazobaki nne zigawe hivi: Tarangire moja, Seronera mbili, kambi ya Simba moja na kreta asubuhi yake. Manyara iache. Ni nzuri, ila kwa ratiba hiyo mtaiona kwa dirisha. Kama mna siku kumi, au mmepanda basi hadi Arusha na kukodi gari pale, Kaskazini inapumua na sababu zangu nyingi za kuilalamikia zinaisha.

Anayekwenda mara moja tu maishani, au ana mzazi mzee ambaye ameisikia Serengeti redioni tangu ujana wake, asisikilize hesabu zangu za mafuta. Mpeleke Serengeti, Februari akiweza, na chapati zipikwe usiku uliotangulia.